Njiti Moja ya Kiberiti Ndiyo Baba

Kagongwa, 9 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nisamehe, habari za magoti yako nitaziuliza huko chini, maana sasa hivi mjukuu wako amelamba paa la stesheni. Nimegeuka kidogo tu kupuliza moto, narudi namkuta Mariana amekaa mkekani, paa lote liko mdomoni, gundi inamtiririka kidevuni. Gundi yenyewe ni uji wa muhogo. Namwambia toa, ananiambia, "Tamu." Sasa chumba cha mizigo hakina paa, na mvua ikinyesha mizigo ya watu italowa.

Utauliza stesheni gani. Ni Mwamalole, Baba, stesheni yetu. Naijenga kwa kadibodi za maboksi ya sabuni, kama wewe ulivyokuwa ukijenga vile vijumba vya kwenye vitabu alivyoacha bwana stesheni wa zamani, vile vya Wazungu watu wazima wanaocheza treni. Nakumbuka unakata kwa wembe, mimi nimekushikia taa, Mama anasema, "Bujiku, mtoto akalale." Nakumbuka tangi la maji ulilotengeneza kwa kopo la maziwa. Nililia siku mende walipokula ukuta wa posta.

Nimeanza kwa sababu ya George, dereva wa treni. Mwezi uliopita nilimkuta pale stesheni ya Isaka ameshuka kwenye treni yake ya mizigo, akaniambia ukuta wa kota yako umepasuka tena, na kwamba alipoingia kukusalimia aliona nje akiwa ndani. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nikawaza kota ikianguka, Mariana hataijua kwetu. Nikachukua wembe.

Lakini kadibodi siyo neno langu. Neno langu ni hili: njoo ukae kwetu kabla ya mvua. Treni za abiria hazisimami tena hapo, kazi umestaafu, jirani wa karibu ni mbuga. Unamngoja nani? Mkwe wako Onesmo naye anasema uje. Ningekupigia simu, ila najua simu kwako ni kelele tupu, masikio yako yaliliwa na honi. Kwa hiyo George ndiye posta yetu. Nimekuchorea stesheni nilivyoijenga, mchoro uko nyuma ya karatasi hii.

Magoti yanaendeleaje? Na kikohozi? Mbwa hajambo?

Binti yako,
Zipora, Mama Mariana


Mwamalole, 23 Juni 2024

Mwanangu Zipora,

Marahaba. Magoti yanauma asubuhi, ikifika mchana yanasahau. Kikohozi kipo, tumezoeana. Mbwa hajambo, anakusalimu kwa mkia. Nimefurahi kusikia mke wangu mdogo ana hamu ya kula. Mwambie mumewe anamsalimu.

Mchoro nimeuona. Nimecheka mpaka mbwa akaamka. Mwanangu, hiyo siyo Mwamalole, hilo ni kanisa la askofu. Mlango unapitisha ndovu. Benchi la abiria limefika dirishani. Na tangi la maji umelipeleka mawinguni, malaika wanachota. Nikakaa nikawaza, huyu mtoto amepata wapi stesheni kubwa hivi? Halafu nikaelewa. Ulipelekwa kwa shangazi yako Kahama ukiwa ndiyo kwanza umeota meno ya pili. Umepima stesheni kwa macho ya mtoto. Haikuwa kubwa. Wewe ulikuwa mdogo.

Fanya hivi. Chukua njiti moja ya kiberiti, isimamishe mezani. Hiyo ndiyo mimi. Kila kitu pima kwa hiyo njiti. Benchi linifike magotini. Dirisha la tiketi linifike kifuani. Dari la chumba cha kusubiria, niweze kuligusa nikinyoosha mkono. Wale wa kwenye vitabu nao ndivyo wanavyofanya, wana mtu wao mdogo wa madini ya risasi wanamsimamisha mlangoni kabla hawajakata.

Gundi ya uji acha. Ukijengea chakula, nyumba italiwa, ama na mende ama na mke wangu. Tafuta utomvu wa mgunga, uloweke kwenye maji kidogo mpaka uyeyuke, upake kwa unyoya wa kuku. Mabati chukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ilaze juu ya kitana, pitisha kucha polepole katikati ya meno. Itatoka migongo kama bati la kweli. Kuta za tofali chora kwa kalamu iliyokwisha wino, halafu paka udongo mwekundu.

Kuhusu kuja. Onesmo ni mkwe mwema, sina neno naye. Lakini baba wa mke halali kwa mkwe. Nile mbele yake? Nikohoe usiku anisikie? Niende chooni na kopo la maji tupishane uani, yeye anainama anasema shikamoo baba na mimi nimeshika kopo? Na watu wa Kagongwa waseme, yule Bujiku amehamia kwa aliyemwoa binti yake. Hapana, ng'wana wane, mwanangu. Wewe mwenyewe umelelewa kwa mila zetu, unajua. Ukuta umepasuka, lakini bado ni ukuta.

Baba yako


Kagongwa, 14 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Hapa wote tuna afya, isipokuwa Mariana ana mafua kidogo na anayagawa bila ubaguzi. Nawe natumaini kifua kimepoa, maana George kasema safari hii ulimpungia bendera kwa mkono mmoja na mwingine umeshika mbavu. Usinijibu kwamba ulikuwa unajikuna.

Stesheni nimeibomoa yote. Nimeanza upya na njiti. Ulisema kweli, kila nilichopima kimepungua. Jukwaa la abiria ambalo nilikuwa naogopa kuruka, sasa linanifika gotini, na mimi mfupi. Nilikaa nikalitazama nikaona huruma, sijui nilijionea huruma mimi au jukwaa.

Utomvu nimepata. Mabati yamekubali, ila nimevunja meno matatu ya kitana na sasa nachana nywele kwa uma. Vioo vya madirisha nimekata kwenye picha ya eksirei ya mkono wa Onesmo, ule aliovunjika mwaka juzi. Ukitazama vizuri kwenye dirisha la bwana stesheni, unaona kidole.

Onesmo alirudi Jumamosi. Bado yuko kule kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu, anatengeneza pampu za kutoa maji. Nilimwagiza mchanga wa kuweka chini ya reli, nikamkataza ule wa marudio, mabaki ya kuoshea dhahabu, kwa sababu ya zebaki, maana mjukuu wako huyu analamba dunia nzima. Akaleta kokoto ndogo za karasha, mashine ya kusaga mawe, amezichekecha mwenyewe kwa chandarua. Akaona njiti imesimama jukwaani.

"Hii nini?"

"Huyo ni Baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Baba mkwe wako."

Akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia, akaiambia njiti, "Shikamoo." Halafu akakumbuka amesalimia kiberiti, akatoka nje kwa haya. Hakurudi mpaka chakula kimeiva.

Sasa nina la kuungama. Juzi kuni zilikuwa mbichi, kiberiti kikaniishia, nikachukua njiti ya mwisho niliyoiona. Nimekuja kugundua uji tayari unachemka. Njiti ile ilikuwa wewe, Baba, nimekuwashia jiko. Nimeweka njiti nyingine, nimeikata kichwa chekundu ili nisikosee tena, lakini Mariana anasema huyo siyo babu yake, siyo Guku, Guku ana kofia.

Naomba unieleze kibanda chako cha pointi, pale ulipokuwa ukizibadilishia treni njia. Stesheni naikumbuka, ila kibanda nilikatazwa kuingia, na ninachokumbuka ni mikono ya chuma na harufu ya grisi. Mlango ulikuwa wapi? Ukubwa gani kwa njiti? Dirisha lilitazama wapi? Nieleze yote, hata yale unayoona hayana maana. Onesmo naye anataka kujua.

Na mvua usiisahau. Mimi siisahau.

Binti yako,
Mama Mariana


Mwamalole, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya mafua kwa mke wangu. Mimi nilikuwa najikuna.

Hilo la kuniwashia jiko nimelisikia. Afadhali nimepika uji kuliko ningepotea bure. Mpe pole Onesmo kwa haya aliyopata. Nilivyomjua, angeisalimia hata injini.

Kibanda. Kilikuwa chumba kimoja, njiti mbili kwa mbili na nusu. Mlango ulitazama reli, mfupi, njiti bila kichwa chake. Kwa hiyo umeikata vizuri. Kila nilipoingia niliinama. Aliyejenga ama alikuwa mfupi, ama alitaka kila mtu aisalimie kazi kabla hajaishika. Wageni wote waligonga paji la uso, hata bwana mkaguzi mmoja aliyekuja na suti. Mimi sikugonga hata siku moja, na mpaka leo nikiingia kota, ambayo mlango wake ni mrefu, mgongo unainama wenyewe.

Ndani, mikono ya chuma upande wa kushoto, kiti bila mgongo, jiko dogo la mkaa pembeni. Dirisha la kutazama reli lilikuwa refu na la kawaida. Lakini lilikuwepo la pili ambalo kwenye mchoro wako halimo, wala kwenye vitabu halimo, kwa sababu nililitoboa mwenyewe. Nalo ndilo nataka ulijenge sawasawa.

Ilikuwa hivi. Treni ikishatoka stesheni ya nyuma, mtu wa pointi haruhusiwi kutoka, hata kama tumbo linalia. Na treni za siku hizo zilikuwa zinatoka halafu zinalala njiani. Mama yako alikuwa akileta ugali, anasimama mlangoni, naye kanuni zinamkataza kuingia. Tunatazamana, ugali unapoa. Basi nikatoa tofali mbili ukutani upande wa jikoni, chini. Akisimama, sahani inapita usawa wa kifua chake bila kuinua mikono. Alikuwa mfupi, unajua. Akawa anapitisha sahani, nami napokea, jicho langu liko kwenye reli. Hata siku tulizogombana sahani ilipita. Mkono ulikuja bila uso, ukaweka, ukaondoka. Nikila, nikirudisha sahani, naushika ule mkono kidogo. Ugomvi unaisha hapo.

Kwa hiyo dirisha liwe chini. Ukiliweka juu utamsumbua mama yako.

Nimekuwekea karatasi moja kutoka kwenye kitabu, kibanda cha ishara cha huko kwao, kina ngazi na vioo pande zote kama duka. Usikiige chote. Chukua mlalo wa paa tu, ndiyo huo huo.

Nyufa zimeongezeka mbili. Nazitazama, nazo zinanitazama.

Baba yako


Kagongwa, 18 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma jikoni, machozi nikayasingizia moshi. Nimeshamsomea na Onesmo, naye akaomba nirudie pale pa sahani.

Leo naandika fupi kwa sababu George anapita Isaka mchana na pikipiki inanisubiri nje. Naomba kitu kimoja, wala usiniulize sababu. Simama wima ukutani, chukua kamba ya katani, jipime kuanzia unyayo mpaka utosini. Ikate hapo hapo, umpe George aniletee.

Wote wazima. Mariana anatuma mafua yaliyobaki.

Binti yako,
Zipora


Mwamalole, 1 Septemba 2024

Zipora,

Salamu zako zimefika.

Huku kwetu mtu mzima anapimwa kwa kamba mara moja, na siku hiyo hasimami wima, wala hashiki kamba mwenyewe. Alipokufa babu yako mimi ndiye nilishika ncha ya miguuni. Najua kamba ile ilikwenda wapi. Ilikwenda kwa waliokuwa wanachimba.

Kwanza umeniwashia jiko, sasa unaniomba kamba. Kama George amekuambia nimekonda, mwambie atazame injini yake inavyokohoa. Kamba sitoi.

Msalimie mke wangu.

Bujiku


Kagongwa, 8 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Shikamoo ya pili, na ya tatu ni ya magoti, nimepiga.

Tangu nipate barua yako sijala vizuri. Ulivyosaini Bujiku, siyo Baba, nimeona umekaa mbali nami. Kweli sikufikiri. Akili yangu yote ilikuwa kwenye njiti, nikasahau kwamba kamba ina habari zake. Onesmo alipoisoma alishika kichwa, akasema, "Mama Mariana, umemwambia mzee ajipime kaburi?" Nisamehe, Baba. Sikutaka kukupima uzikwe. Nilitaka kukupima uingie.

Nikuambie yote. Kibanda cha pointi siyo kadibodi tena. Kinajengwa. Kiko hapa uani kwetu, upande wa mashariki, tofali za kuchoma, kimefika usawa wa kiuno. Ndiyo maana nilikuuliza mlango na dirisha. Ile ya kadibodi ndiyo ramani, imekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na fundi Edson kila asubuhi anaichungulia kwa jicho moja kama anayelenga ndege.

Edson tumeshagombana naye. Amesema, "Mama Mariana, mlango gani huu? Hapa hata mbuzi atainama. Watu watasema Edson hajui kupima." Nikamwambia jenga. Akamgeukia Onesmo, "Baba Mariana, sema basi." Onesmo akasema, "Mwenye mlango anaujua." Edson akaweka mwiko chini. Anasema mlango mfupi sawa, lakini mfupi kwa nani? Njiti haimwambii kitu, njiti ni ya mezani. Kama anajenga mlango wa mtu kuinama, lazima ajue mtu ana urefu gani, la sivyo utainama usipotakiwa au utagonga. Na mimi nikagundua sijui. Baba, mara ya mwisho nilisimama karibu yako siku ya harusi yangu, na nilikuwa natazama chini. Nakujua kwa macho ya mtoto tu, na macho hayo tumeshaona yalivyonidanganya. Ndiyo nikaomba kamba.

Sasa hilo la mkwe. Nimeliwaza sana. Onesmo ndiye aliyelitatua, ila kukuandikia anaona haya, ameniomba niandike mimi na yeye amekaa amenipa mgongo. Jumapili alimwita balozi wetu wa nyumba kumi na majirani wawili, akachukua jembe, akachora mstari kuanzia mpapai mpaka kwenye ua. Akasema, "Kipande hiki na kitakachosimama hapa ni vya binti yangu Mariana. Mimi simo." Balozi akauliza, "Na wewe ukitaka kupita?" Akajibu, "Nitapiga hodi kwake."

Kwa hiyo, Baba, hutalala kwa mkwe. Hicho kibanda siyo cha Onesmo. Ni cha mke wako. Umemwita mke tangu yuko na kitovu kibichi, umempa na jina la Mama, hakuna aliyekulazimisha. Kuna mume anayeona haya kulala kwa mkewe? Choo kiko upande huo huo, njia yake peke yake, hakuna kupishana na kopo. Na dirisha la chini linatazama jikoni kwangu. Chakula kitapita hapo. Onesmo hatakuona unatafuna wala wewe hutamwona.

Sitakudanganya, treni haionekani kutoka Kagongwa. Ila upepo ukitoka upande wa Isaka honi inafika. Hata wewe utaisikia.

Kama kamba bado inakutisha, usitume. Edson atakisia. Lakini uje.

Binti yako anayeomba msamaha,
Zipora


Mwamalole, 6 Oktoba 2024

Mke wangu Mariana,

Nakusalimu, mwangaluka. Barua hii ni yako, mama yako akusomee tu, asiongeze maneno yake.

Nasikia una nyumba. Mimi nimeishi miaka mingi, sijaona mwanamke wa umri wako mwenye tofali za kuchoma. Wenzako wana midoli. Kwa hiyo nakupa hongera, na pia nina maswali, maana mwanaume hachukuliwi hivi hivi.

La kwanza, unajua kupika? La pili, nimeambiwa unalamba mapaa. Mwanamke anayekula nyumba yake mwenyewe ananitia wasiwasi, tutalala wapi? La tatu, una wivu? Kwa sababu mimi nilikuwa na mke kabla yako, ndiye mwenye jina hilo ulilovaa. Vitu vyake vichache bado ninavyo. Kuna sahani moja ya bati yenye ua jekundu, imebabuka ukingoni. Nikienda popote duniani, sahani hiyo naenda nayo. Kama utasema itupwe, niambie mapema.

Mwambie mama yako nimemsamehe la kamba tangu nilipokunja barua yake. Mwambie baba yako kwamba niliposoma pale pa jembe na mstari nilisimama nikatoka nje. Sikumsomea mtu. Nilisimama tu. Mwanaume anayejikatia ardhi yake ili asimwaibishe mzee wa mwenzake, hata mimi nitavua kofia mbele ya njiti yake.

Lakini sijasema nakuja. Mtu wa pointi habadilishi njia kwa sababu treni imepiga honi. Anasubiri aone taa. Nina vitu vya kuaga hapa, na vitu vya reli haviagi haraka.

Ukuta wa nyuma umelala Jumanne. Sikuwa upande huo. Usimwambie mama yako, ah, kumbe ndiye anayesoma.

Mumeo mzee,
Guku


Kagongwa, 17 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Sasa hivi Mariana amejaza mchanga kwenye kizibo cha soda, akakisukuma kwenye dirisha la chini la kibanda cha kadibodi. Vidole viwili tu ndivyo vinapita. Akainama, akachungulia kwa mlangoni, akasema, "Guku, kula." Akangoja. Akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Baba, uko wapi?

Nianze tangu mwanzo, labda ukiisoma utajua nilivyokaa. Mwishoni mwa Oktoba George alinipa bahasha. Nikaifungua pale pale kwenye tope la Isaka, nikatafuta barua, hakuna. Nikaikung'uta, ikaanguka kamba. Nikajua umejipima. Nilikaa chini kwenye kreti la soda la watu, mwenye duka akauliza, "Dada, msiba?" Nikamwambia hapana, ni mlango.

Ina mafundo mawili. La juu nililielewa haraka, ndipo unapofika ukiinama, Edson akaweka kizingiti hapo hapo, na sasa anajisifu kwa kila mpita njia kwamba yeye ndiye aliyebuni. La chini lilitusumbua. Onesmo alisema ni kiti. Edson alisema ni kosa. Nikaishika kamba, nikaining'iniza mwilini mwangu kuanzia chini, fundo likanifika hapa kifuani. Nikaenda kusimama jikoni, nikanyoosha mikono bila kuinua, nikamwambia Edson, toboa hapo. Sikujua kama mimi na Mama tuko urefu mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia. Umekaa na urefu wake kwenye kamba miaka yote hii na hukuusahau.

Basi kibanda kimekwisha. Paa lina mlalo ule wa kwenye karatasi ya Wazungu. Ndani kuna kitanda, kiti bila mgongo, na jiko la mkaa pembeni. Mikono ya chuma haipo, ila Onesmo ameleta mpini mmoja wa pampu iliyokufa, ameuchomeka ukutani upande wa kushoto, anasema mzee akiamka ashike kitu.

Mvua imeanza tarehe mbili, kubwa. Nilituma barua mbili, hujajibu hata moja. Jana nilikwenda Isaka mwenyewe na mwavuli wa kuazima. George akaniambia kota imefungwa kwa kufuli, upande wa nyuma wote umeanguka, alipiga honi, akapiga tena, hakutoka mtu, wala mbwa hakubweka. Alisema hivyo akiwa hacheki. Nikamuuliza, kufuli lilikuwa kwa nje? Akasema kwa nje. Nimelala na hilo neno. Mtu aliyepatwa na jambo hafungi kufuli kwa nje. Si ndiyo, Baba? Onesmo hakurudi duarani wiki hii, amesema leo jioni kama hakuna habari atapanda treni ya mizigo na George mpaka Mwamalole.

Barua hii sijui nimpe nani. Nimeandika kwa sababu mikono haitulii. Pale jukwaani kwenye stesheni ya kadibodi nimesimamisha njiti mpya, ya tatu, yenye kichwa chake chekundu, kwa sababu Mariana alisema Guku ana kofia, na viberiti vyote nimevificha mbali na jiko. Kama umekasirika, njoo umekasirika. Kama unaumwa, njoo unaumwa. Dirisha liko chini, hutahitaji hata kuniangalia, nitapitisha sahani nawe utairudisha...

Subiri. Kuna mbwa anabweka nje na siyo wa jirani. Onesmo ananiita kutoka uani, Mama Mariana, Mama Mariana, na sauti yake haijakaa sawa. Anasema kuna mzee amelowa, ana taa ya reli na kifurushi, amepita moja kwa moja wala hakupiga hodi, ameinama akaingia kibandani bila kugonga kichwa, na sasa ametoa sahani ya bati kwenye dirisha la chini anamuuliza Mariana kama anajua kupika.